Kikao Kisubiri, Mjane Hajalala

Sijui mtu mwingine aliyefukuzwa kwenye misiba mingi kama Nesi. Alifukuzwa pale pale kwetu Ilomba, jijini Mbeya, akafukuzwa Uyole, akafukuzwa hata kwenye msiba wa mtu wa kanisani kwake, ambako alikuwa amesimamia mwenyewe masufuria ya wali tangu asubuhi. Kosa lake siku zote lilikuwa moja. Alitaka mfiwa alale.

Tulimwita Nesi kwa sababu alikuwa nesi, na alipostaafu hakuna aliyeona haja ya kumtafutia jina lingine. Mimi na yeye tulitenganishwa na ua wa michongoma ambao mume wake alikuwa anaukata ovyo ovyo, na kwa miaka yote niliyokaa pale nilijua anavyokohoa, anavyocheka na anavyogombana na kuku. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya wodini. Haikuwa sauti kubwa, lakini ukiisikia unajikuta umeshakunja mkono wa gauni uchomwe sindano kabla hujafikiri.

Nieleze kwanza jinsi tunavyoomboleza, maana msomaji wa mbali anaweza kudhani nawasingizia watu. Mume akifa, mjane anakalishwa chini sebuleni, ameegemea ukuta, kitenge kichwani, wanawake wamemzunguka. Kila mgeni anaanza kulia tangu getini, anaingia, anamwangukia mjane, na mjane anatakiwa alie naye upya kana kwamba habari imefika sasa hivi. Akifumba macho kidogo anatikiswa bega. "Amka mwenzetu, shangazi wa Tukuyu amefika." Anaamka, analia na shangazi wa Tukuyu. Shangazi akimaliza anakwenda kula, anaingia mwingine. Giza likiingia kwaya inaimba nje, na spika wameielekeza dirishani. Inakuwa hivyo mpaka kuzika, na baada ya kuzika wale waliochelewa basi wanaendelea kufika. Asubuhi sasa, na hili ndilo linalonichemsha damu, sisi Wanyakyusa tunapita mmoja mmoja mbele yake tunamsalimu, "Ugonile?" Yaani, umelala? Tunamuuliza mtu tuliyemnyima usingizi kama amelala, na hatusubiri hata jibu.

Nesi alikuwa anasubiri. Yeye hakuwa wa kabila letu, alikuja Mbeya kikazi kutoka upande wa Iringa, akaolewa na mtu wa Kihesa, huko huko Iringa, aliyekuwa anafundisha huku, wakajenga. Lakini salamu yetu aliipenda kuliko tunavyoipenda wenyewe, na aliichukua kama swali la daktari. Mimi alikuwa ananianza hivi:

"Ugonile, Mama Upendo?"

"Ndaga, Nesi." Yaani, asante.

"Sijakuuliza ndaga. Umelala au hujalala?"

Ukisema hujalala, umekwisha. Atataka kujua kwa nini, tangu lini, unakunywa chai saa ngapi, simu unaiweka wapi. Vijana wa bodaboda pale kona walijifunza kumjibu kwa pamoja, "Tumelala, Nesi!", hata wale ambao macho yao yalikuwa mekundu kama pilipili.

Somo lake kuu nililisikia mara ya kwanza nyumbani kwangu, siku ibada ya jumuiya ilipofanyika kwangu. Tulikuwa tumemaliza kusali, tunakunywa chai, mama mmoja akaanza kumsifu mchungaji mgeni kwamba halali, anakesha tu akiomba. Nesi akaweka kikombe chini.

"Halali kabisa? Basi kichwa chake hakifanyiwi usafi."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akatueleza kwamba ubongo mchana kutwa unafanya kazi, na kila kinachofanya kazi kinatoa taka. Kichwani mle kuna maji yanayouzunguka ubongo. Mtu akilala, hasa ule usingizi mzito, maji yale yanapata nafasi ya kupita katikati ya ubongo na kuzoa taka za mchana, yanazipeleka mwilini zikatolewe. Mtu akiwa macho kazi hiyo inakwenda kwa shida.

"We unaweza kudeki sebule watu wanapishana na viatu vya matope?" akamuuliza yule mama.

"Siwezi."

"Ndiyo hivyo. Mpaka wageni watoke."

"Kwa hiyo mimi niliyekesha na mtoto mgonjwa nina takataka kichwani?"

"Una za jana. Leo ukilala zitatoka. Ila mwaka mzima ukikaa hivyo, sikuahidi kitu." Halafu akasema jambo ambalo lilinifanya nimwamini zaidi. Alisema wataalamu bado wanabishana maji hayo yanapita vipi hasa, na kama taka zikirundikana ndizo zinazoleta ule usahaulifu mbaya wa uzeeni au kuna mengine. "Kwenye hilo sijui, na wao hawajamaliza. Lakini hakuna anayebisha kwamba mtu asipolala akili inamharibikia. Hilo nimelishika kwa mikono yangu wodini."

Kwa ukali huo huo alipigana na wanafunzi. Wanafunzi wetu wana mtindo wa kusoma miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi ili wasisinzie, na wazazi wanaona fahari kabisa, wanawasimulia wageni. Beseni la maji baridi, Mbeya, mwezi wa sita! Nesi alipita kwa jirani akamkuta binti wa kidato cha nne anatetemeka na kitabu mkononi. Akamtoa miguu, akaifuta kwa kanga yake, akabeba beseni akamwaga maji kwenye migomba. Mama wa binti akatoka anafoka kwamba mwanawe akifeli atajua wa kumdai. Nesi akamwambia binti, "Ulichosoma leo kinapangwa ukiwa umelala. Usipolala unasoma ili iweje?" Yule binti akafaulu wastani tu, si sana wala si vibaya, na kila upande ukadai umeshinda.

Lakini nisimfanye malaika. Mwanamke huyu aliyewapigia watu kelele kuhusu usingizi ndiye aliyekuwa anatuamsha mtaa mzima. Alifanya kazi zamu za usiku miaka mingi, na mwili wake ukasahau kulala kama watu. Alfajiri, jogoo mwenyewe bado anajiuliza, Nesi yuko uani anafagia. Ufagio wake wa njiti ulikuwa umekauka, anaukwaruza kwenye changarawe kwa hasira kana kwamba anadai kitu ardhini, huku redio yake ndogo ikiimba mapambio. Nimewahi kumwita kupitia michongoma, "Nesi, na sisi vichwa vyetu havifanyiwi usafi?" Akanijibu, "Mlilala mapema, mmeshatakata," akaendelea kufagia. Jumapili alikuwa anakaa benchi la mbele kabisa na kusinzia mahubiri mazima, kidevu kifuani. Mchungaji alipomtania mbele ya watu, Nesi alisema yeye ndiye msharika pekee anayemwamini mchungaji wake kiasi cha kulala.

Misibani ndiko utani ulikokuwa unakwisha. Alikuwa anafika amebeba chupa ya uji na kitenge cha kuzibia dirisha. Anapita katikati ya wanawake, anaenda kupiga magoti kwa mjane, anampa pole ya kweli, analia naye pia. Hilo watu walikuwa hawalisemi, kwamba alikuwa analia. Kisha anamuuliza amelala lini. Kisha anamnyanyua mkono, anampeleka chumba cha ndani, anamnywesha uji, anafunga mlango, anaweka kigoda nje ya mlango na kukikalia.

"Mjane analalaje wakati mwili bado upo?" watu walimuuliza.

"Mwili hauna haraka. Huyu ndiye anayeugua."

"Watu wanatoka mbali kuja kumpa pole!"

"Watakunywa chai. Akiamka watampa."

Majina aliyopewa nayajua yote, maana mengine niliambiwa mimi nimfikishie. Mchawi. Asiye na huruma. Mwenye mpango na mali za marehemu. Mjane aliyelala alisemwa naye, kwamba kumbe hakumpenda mumewe, kumbe labda alijua atakufa. Mwanamke anaambiwa kwamba dalili ya upendo ni macho mekundu, na sisi tuliosema hivyo tunakwenda kulala kwenye vitanda vyetu! Nilipokuwa nakasirika kwa niaba yake, Nesi alikuwa ananiambia nisipoteze hasira kwenye majina. Hasira yake yeye alikuwa ameitunza kwa ajili ya kitu kingine, nacho ni vikao.

Maana msiba wetu hauishii makaburini. Watu wakishazika, kabla wageni hawajatawanyika, ukoo unakaa kikao. Wanaamua nani asimamie mali, nani achukue watoto, nyumba iwe ya nani. Wanasema wanakaa mapema kwa kuwa ndugu wote wapo na nauli ni ghali. Wanamwita yule mwanamke ambaye hajafumba jicho tangu mumewe afe, wanamkalisha mlangoni, wanamuuliza maswali ambayo hata mimi niliyelala vizuri ningeomba nikayafikirie wiki nzima. Anaitikia tu. Wanasema amekubali.

Hapo mtaani kwetu kulikuwa na mjane kijana, mumewe alikuwa na mashine ya kusaga. Nesi alikuwa Iringa kwa wakwe zake siku za msiba ule, akarudi mambo yameisha. Yule binti alikuwa ameulizwa kama mashine aichukue shemeji yake "aiendeshe kwa niaba ya watoto", naye aliitikia. Baada ya siku kadhaa, alipolala akaamka, akaja kutuuliza sisi majirani kama ni kweli alisema hivyo, kwa sababu yeye hakumbuki hata kuitwa kwenye kikao. Ilikuwa kweli. Tulikuwepo, tulimsikia. Sasa hivi anachoma mahindi pale Igawa, kando ya barabara kuu, na shemeji yake anasaga.

Kila Nesi alipopanda basi la Iringa, lilipofika Igawa alikuwa anateremka kwenda kununua mahindi kwake, hata kama hana njaa, hata kondakta akipiga mabati kumhimiza. Mahindi yale alikuwa anayagawa kwa abiria wenzake, mwenyewe hayali. Mara moja nilisafiri naye nikamuuliza kwa nini hayali. Alisema hayapiti kooni.

Tangu mashine ile, sentensi yake ilibadilika. Zamani alikuwa anasema, "Mwacheni alale." Sasa alikuwa anasimama mbele ya wazee wa ukoo, mikono kiunoni, anasema, "Kikao kisubiri. Mjane hajalala." Kwa sentensi hiyo ndipo walipoanza kumfukuza kweli kweli.

Halafu mume wake akafa.

Alikuwa mzee mpole, mwalimu mstaafu, aliyependa kunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, kibarazani na kutusalimia kwa Kihehe hata tulipokuwa hatuelewi. Ndugu walitaka azikwe Kihesa. Tulisafiri na mwili, sisi watu wa Ilomba kwenye Coaster moja, na basi lilipopita Igawa Nesi hakugeuza hata shingo. Baada ya maziko majirani wenzangu waliondoka. Mimi nilibaki kwa sababu nilipomuaga alinishika gauni na hakuachia.

Nilichokiona pale nitakikumbuka. Mawifi zake walimzunguka kwa mapenzi yote, sisemi walikuwa watu wabaya. Kila gari lililosimama nje, walimtikisa na kumsalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mama, wa Mafinga wamefika." Analia. "Wa Makambako hao." Analia. Yeye, aliyewafungia milango wajane wa nusu ya jiji la Mbeya, hakuwa na mtu wa kumfungia. Nilimnong'oneza, "Nesi, twende ukalale." Akaniangalia kama mtu anayeangalia kupitia kioo chenye ukungu. Akaniuliza kama yule mgonjwa wa kitanda cha dirishani ameshakunywa dawa.

Nikawaambia mawifi. "Ni uchungu huo," wakasema, "utapita."

Kesho yake kabla ya adhuhuri kikao kikaitwa. Kaka mkubwa wa marehemu alifungua kwa sala, akashukuru kila mtu, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Ilomba. Nyumba ile Nesi na mumewe waliijenga tofali kwa tofali, mshahara wa zamu za usiku na mshahara wa chaki. Kaka mkubwa alisema Mbeya ni mbali, shemeji yao amebaki peke yake, kwa hiyo wameona nyumba iuzwe, yeye arudi Kihesa atunzwe na ukoo.

"Shemeji, unakubali?"

Nesi akanyoosha mgongo, akaweka mikono nyuma, kama anavyosimama nesi wakati madaktari wanapita wodini.

"Ndiyo, daktari," akasema.

Mtu mmoja akacheka chini chini. Kaka mkubwa akageukia watu. "Mmesikia wenyewe. Amesema ndiyo."

Mimi si mtu wa kusema mbele ya wazee, sembuse wazee wa watu. Lakini nilijikuta nimesimama, na sauti iliyonitoka sikuitambua.

"Kikao kisubiri! Mjane hajalala!"

"Na wewe ni nani kwenye ukoo huu?" kaka mkubwa akauliza.

"Jirani yake."

"Jirani akae kimya. Huku kwetu hatufanyi hivyo."

"Hata kwetu hatufanyi hivyo, baba, na ndiyo maana tunadhulumu watu! Amekuita daktari! Mnauza nyumba kwa mtu asiyejua anaongea na nani?"

Sikusubiri ruhusa. Nilimshika Nesi mkono, nikampeleka chumba cha nyuma, nikamlaza, nikafunga mlango, nikatafuta kigoda. Kilikuwepo kimoja jikoni, kigoda cha mbuzi ya nazi. Nikakikalia pale mlangoni. Mchana wote nilitukanwa, kwa Kiswahili na kwa Kihehe, na matusi ya Kihehe niliyaelewa vilevile. Wageni walipofika walilia getini, wakaingia, wakakosa wa kumwangukia. Halafu kukasikika mkoromo. Nesi alikuwa anakoroma kama lori linalopanda mlima, na nyumba nzima ikanyamaza kusikiliza.

"Mjane gani anakoroma?" wifi mmoja akasema.

Hapo mama mkwe wa Nesi, bibi kizee aliyekuwa hajasema neno tangu maziko, akaja polepole na blanketi. Nilidhani anakuja kunitoa. Akanipa blanketi nimfunike mkwewe, kisha akakaa sakafuni karibu na kigoda changu. "Mimi nilipofiwa na baba yao," akaniambia, "sijui walinipeleka wapi wala nilisema nini." Akawaita wanawe, akawaambia mlango huo asiuguse mtu.

Nesi alilala mchana ule, akalala usiku wote, akaamka jua limeshapanda. Akaoga. Akaomba uji, akaumaliza, akaomba mwingine. Akalia kidogo peke yake, kilio cha kweli cha mtu aliyekumbuka. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akatoka uani walipokuwa wazee, akawasalimu kila mmoja kwa heshima na kwa cheo chake, bila kukosea hata mmoja.

"Nasikia kuna nyumba inauzwa."

Kaka mkubwa akakohoa. "Shemeji, jana tulikuuliza, ukakubali."

"Jana sikuwepo," akasema Nesi. "Leo nipo. Niulizeni leo."

Hakuna aliyemuuliza. Nyumba haikuuzwa. Wifi mmoja mpaka leo hapokei simu zake, na kule Kihesa wanasimulia kwamba yule mjane wa Mbeya alikoroma kwenye msiba wa mumewe. Wasimulie. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye msiba mwingine, mtaa wa pili tu kutoka kwetu, nikakuta mama wa watu anatikiswa bega kwa sababu shangazi amefika. Hatujifunzi, na nimechoka kusema kwa upole.

Tuliporudi Ilomba, Nesi alijifungia. Alfajiri zikawa kimya. Nikawa naamka mwenyewe saa ile ile na kusikiliza, na sisikii redio wala ufagio. Majani ya migomba yakarundikana uani kwake. Kila asubuhi nilikuwa napeleka uji, anapokea, anasema ndaga, anafunga mlango. Nikaanza kuogopa kwamba tulimchelewesha, kwamba kuna kitu kilichoharibika kule Kihesa na usingizi mmoja haukutosha kukirudisha.

Ndipo siku moja, jogoo hawajawika, nikashtuliwa usingizini na mkwaruzo mkali, kraa, kraa, kraa, na juu yake mapambio. Nikatoka nimejifunga kanga, nywele zimesimama, nimekasirika kama zamani. Alikuwa kule ng'ambo ya michongoma, ameinama, vumbi limemzunguka.

Aliniona, akasimamisha ufagio.

"Ugonile, Mama Upendo?"

"Nilikuwa nimelala, Nesi," nikamwambia, na machozi yakaanza kunitoka. "Mpaka ulipoanza kufagia."